Matone ya kupe na viroboto: mbona kupe wanarudi kabla mwezi haujaisha?

#1 MlinziWaGeti (Tegeta)

Wanajukwaa, salaam. Nina mbwa wawili wa ulinzi na paka mmoja anayelala ndani. Kwa muda sasa natumia yale matone yanayodondoshwa katikati ya mabega, yenye fipronili, na karatasi yake inaahidi kinga ya mwezi mzima dhidi ya kupe. Nusu ya mwezi haijafika, tayari nakuta kupe ndani ya masikio na katikati ya vidole vya miguu, wengine wadogo wa kahawia, wengine wamevimba na kuwa na rangi ya kijivu. Dawa hii si ya bei rahisi, na mbwa mmoja alishaugua homa ya kupe, ufizi ukawa mweupe na damu ikamtoka puani, kwa hiyo sitaki kubahatisha. Je, nauziwa dawa bandia, kupe wamekuwa sugu, au kuna jambo la matumizi ambalo wengi wetu hatulifahamu? Naomba atakayejibu aeleze na sababu, asinitajie tu jina la dawa nyingine.

#2 Kariakoo_Sokoni

Dawa bandia, mkuu. Vichupa hivyo ni vidogo, vinafungika kirahisi, na bei yake inamvutia kila mwenye tamaa. Kama boksi halina namba ya toleo inayofanana na ile iliyopigwa kwenye kichupa chenyewe, au maandishi yake yanafutika kwa kidole chenye mate, umeshapata jibu. Dawa za mifugo husajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, kama zilivyo za binadamu, kwa hiyo muulize muuzaji kuhusu usajili bila aibu.

#3 DktWaMifugo_Moro

Kabla ya kuihukumu dawa tuelewe kwanza inavyofanya kazi. Fipronili haitegemei kuingia kwenye damu. Inasambaa pamoja na mafuta ya ngozi, inajikusanya kwenye tezi zinazotoa mafuta hayo, na kutoka humo inaendelea kutolewa kidogo kidogo juu ya ngozi na manyoya kwa wiki kadhaa. Kiroboto au kupe anaipata kwa kuigusa, kisha mishipa yake ya fahamu inasisimka kupita kiasi mpaka anakufa. Viroboto wengi hufa ndani ya saa 24 na kupe ndani ya saa 48. Dawa hii haimzuii kupe kupanda, kwa hiyo kumwona kupe akitembea juu ya mbwa hakutoshi kusema imeshindwa. Kinachotia shaka ni kupe aliyeshiba na kuvimba huku bado yuko hai, na hapo ndipo ningependa MlinziWaGeti atueleze vizuri zaidi.

Jambo la pili ni banda. Kupe anayewasumbua mbwa wa majumbani kwetu ni yule wa kahawia, Rhipicephalus sanguineus, na huyu hahitaji nyasi wala pori. Jike akishashiba anajiachia, anapanda ukutani, anajificha kwenye nyufa na kutaga mayai yanayoweza kufika 4,000. Matone ya mgongoni hayafiki kwenye nyufa hizo. Unaua wachache walio juu ya mbwa, na wengi wanasubiri ukutani.

#4 Laigwanan_wa_Mifugo (Arusha)

Kwa heshima zote, daktari, sisi wa ng'ombe haya tumeyaona zamani. Majosho yalianza na arseniki enzi za wazee wetu, zikaja organofosfeti, kisha amitrazi na dawa za jamii ya pareto zinazotengenezwa viwandani, na kila moja ilifika mahali ng'ombe akawa anatoka joshoni na kupe wake wakiwa hai. Wenzetu wa Uganda wamelilalamikia hilo kwa miaka, mpaka wengine wanachanganya dawa mbili katika pampu moja. Kwa nini tuamini kwamba kupe wa mbwa hawezi kufanya alichofanya kupe wa ng'ombe? Mimi nasema ni usugu.

#5 DktWaMifugo_Moro

Ndugu wa Arusha, hoja yako ina uzito, ila tusichanganye kupe. Yule anayewapa ng'ombe ndigana kali ni Rhipicephalus appendiculatus, ambaye ni ndugu wa huyu wa mbwa lakini si yeye. Kwa upande wa mbwa, huko Florida, Marekani, watafiti waliwapima kupe wa kahawia waliotoka kwenye nyumba za watu na kuwakuta na usugu dhidi ya permethrini, mojawapo ya hizo dawa za jamii ya pareto, na waliikuta fipronili nayo ikihitaji kiasi kikubwa zaidi ili kuwaua. Kwa hiyo usugu unawezekana. Ninachokataa ni kuutangaza kabla ya kuuliza maswali mepesi zaidi: mbwa ana kilo ngapi, alipakwa wapi, na aliogeshwa lini?

#6 Wanjiku_wa_Ruiru

Swali la kuogesha ndilo ningeanza nalo. Mbwa wangu ni wa jamii ya polisi, mwenye manyoya mazito, na kijana anayetusaidia nyumbani alikuwa akimwogesha kila Jumamosi kwa sabuni ya kuoshea vyombo, kwa nia njema kabisa. Sabuni ile inaondoa mafuta, na daktari ameshaeleza kwamba dawa inaishi kwenye mafuta hayo. Tuliacha kumwogesha siku mbili kabla ya kupaka na siku mbili baada ya kupaka, na katikati ya mwezi tukawa tunampangusa tu kwa kitambaa chenye maji. Kupe walipungua sana.

Vilevile angalieni namna ya kupaka. Ukidondosha juu ya manyoya, dawa inakauka palepale juu ya manyoya. Inabidi uyatenganishe kwa vidole mpaka uione ngozi, uguse ngozi kwa ncha ya kichupa, ukamue chote, halafu usipasugue. Kwa mbwa mkubwa, baadhi ya dawa huelekeza kugawa sehemu mbili au zaidi kwenye mstari wa mgongo, kwa hiyo karatasi isomwe.

#7 Kariakoo_Sokoni

Dada Wanjiku, na kama dawa yenyewe ni maji na mafuta ya kupikia, kuyatenganisha manyoya kutasaidia nini? Bado nipo kwenye bandia.

#8 Mzee_wa_Pangani

Mimi naongeza upande wa gharama, kwa sababu ndiyo inayowafanya watu waache kabisa. Nanunua kichupa cha mbwa mkubwa kuliko wote, kile cha mililita 4.02, navuta kwa bomba la sindano, nawagawia mbwa wangu kwa kilo zao, na paka wa nyumbani anapata kidogo kinachobaki. Fipronili ya mbwa na ya paka ina nguvu ileile, gramu 10 katika mililita 100, tofauti ni ujazo wa kichupa tu. Nimefanya hivyo muda mrefu bila madhara.

#9 Mama_wa_Paka_Unguja

Mzee wangu, shikamoo. Nakuomba hapo kwenye paka usimame kabisa, na mwingine yeyote anayesoma asiige kabla ya kunisikiliza.

Ulichosema ni kweli kwa fipronili peke yake. Lakini maboksi mengi ya mbwa yaliyoko madukani leo yana permethrini, ama peke yake ama imechanganywa na dawa nyingine, na kwa macho vichupa vyake havina tofauti na hicho chako. Siku dukani kwenu wakiishiwa ile uliyoizoea na kukupa nyingine yenye picha ya mbwa yuleyule, paka wako atakufa.

Naeleza nilichokiona kwa jirani. Kaka yake alimletea kutoka bara kichupa cha mbwa kilichobaki nusu, akampaka paka jioni. Usiku masikio yakaanza kucheza, halafu ngozi ya mgongo ikawa inapita mitetemo kama maji yanayoguswa na upepo. Asubuhi nilipoitwa, miguu ya mbele ilikuwa imekakamaa, mate yamelowesha kidevu, na mwili una joto ambalo mkono ulilihisi kabla ya kuugusa vizuri. Tulimwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, safari hii tukitaka kabisa mafuta yatoke, tukamkausha, tukamfunga kwenye taulo na kumkimbiza kwa daktari, ambaye alimpa dawa za kutuliza mitetemo na kumwekea dripu. Alipona, lakini kwa siku kadhaa alikuwa akishtuka kila mlango unapofungwa.

Msitumie maji ya moto, msitumie maji ya baridi sana, na msimlazimishe kunywa maziwa wala mafuta akiwa anatetemeka, maana anaweza kupaliwa. Mwosheni, kisha mwondoke naye.

#10 Mkemia_Chang'ombe

Naunga mkono #9 na naongeza sababu. Ini la paka lina upungufu wa vimeng'enya vinavyoziunganisha sumu na aina ya sukari ili zitoke kwenye mkojo. Mbwa anaivunja permethrini haraka na kuitoa, lakini kwa paka inakaa na kuendelea kushambulia neva. Upungufu huohuo ndio unaofanya kidonge cha paracetamol, ambacho mtu anampa paka kwa huruma, kimuue. Kiasi nacho ni kikubwa: katika moja ya dawa za matone za mbwa zinazofahamika, kila mililita ina miligramu 500 za permethrini. Matone machache yanamtosha paka wa kilo tatu.

Na si lazima umpake yeye. Akimlamba mbwa aliyepakwa, au wakilala pamoja kabla dawa haijakauka, anaweza kuipata. MlinziWaGeti, kwa kuwa nyumba yako ina mbwa na paka, hili linakuhusu moja kwa moja.

#11 Mzee_wa_Pangani

Marahaba, mwanangu. Nimesoma #9 na #10 mpaka mwisho. Paka nitamnunulia chake. Kwa mbwa nitaendelea kupima kwa kilo, kwa sababu hapo bado sijaonyeshwa kasoro.

#12 DktWaMifugo_Moro

Mzee, kasoro ipo kwenye kuhifadhi. Kichupa kikishafunguliwa, kiyeyushio chake kinaruka hewani, na kinachobaki kwenye bomba la sindano hadi mwezi ujao si kile ulichonunua. Ukigawa, gawa siku ileile na umalize. Mbwa walio chini ya wiki nane wasipakwe kabisa. Hao ni kitana chenye meno ya karibu na bakuli la maji ya sabuni. Na ukifuga sungura, fipronili isimkaribie, kwa sababu inamuua.

#13 Bint_Hamadi (Mombasa)

Samahani, naomba kurekebisha jambo moja ili watu wasiogope kupita kiasi. Si kila dawa ya jamii ya pareto imekatazwa kwa paka. Kuna mkanda wa shingoni wenye flumethrini, ambayo ni ya jamii hiyo, na imidaklopridi, dawa nyingine ya viroboto, ulioidhinishwa kwa paka huko Ulaya na Marekani, na hutoa dawa kwa kiasi kidogo kwa miezi hadi minane. Kwa hiyo kigezo kiwe ni maandishi ya boksi: kama halikutaja paka, asiwekewe.

Na swali langu ni hili. Sisi pwani tunalala kwenye vyandarua vyenye dawa, na paka analala humo humo. Je, hilo nalo ni hatari?

#14 Mkemia_Chang'ombe

Ahsante kwa marekebisho, ni sahihi. Kuhusu chandarua, aina ya Olyset, ambayo imetengenezwa Arusha pale kiwanda cha A to Z kwa miaka mingi, ina permethrini asilimia 2 ndani ya uzi wenyewe, na inajitokeza juu ya uzi polepole. Paka anayekigusa chandarua anapata kiasi kidogo mno kikilinganishwa na matone ya mbwa yaliyomwagwa kwenye ngozi yake. Ningejali zaidi nguo au mapazia yaliyoloweshwa dawa nyumbani na bado mabichi. Hayo yakauke kabisa kabla paka hajayalalia.

#15 Laigwanan_wa_Mifugo (Arusha)

Tumehamia kwa paka na mada hii ni ya kupe. Mimi mbwa wangu wa boma nawaosha kwa amitrazi ileile ya ng'ombe, na wanafanya kazi yao.

#16 DktWaMifugo_Moro

Amitrazi imetumika kwa mbwa, hasa kwa upele wa utitiri, lakini kwa kipimo chake. Ukichanganya kwa macho, mbwa analegea, anasinzia, mapigo ya moyo yanashuka, na mwenye kisukari anaumia zaidi kwa sababu sukari inapanda. Wewe umekaa na josho maisha yako yote, ndugu yangu, unajua kuchanganya. Anayekusoma hapa yuko Tegeta na ndoo moja ya kufulia. Kwa paka, hapana.

#17 Mwalimu_wa_Lamu

Naomba kuuliza kuhusu minyoo, maana huku paka wetu ni wengi na wanaishi mitaani na ndani kwa pamoja. Je, matone haya yanazuia pia minyoo? Kisiwa cha Pate, hapa jirani yetu, kilishatoa jina la mnyoo wa matende wa wanyama, Brugia patei, ulioelezwa mwaka 1958 kutokana na paka, mbwa na kanu wa kisiwani. Hiyo inaenezwa na mbu. Je, tone la mgongoni lina lolote la kufanya hapo?

#18 DktWaMifugo_Moro

Mwalimu, fipronili haigusi minyoo. Ziko dawa nyingine za matone zinazopita kwenye ngozi na kuingia kwenye damu, kama selamektini na moksidektini, ambazo huzuia minyoo ya moyo inayoletwa na mbu, huua utitiri wa masikio na baadhi ya minyoo ya tumbo. Hizo haziui tegu. Na tegu wa paka, Dipylidium, huja kupitia kiroboto: paka anajilamba, anameza kiroboto mwenye buu la tegu, na baadaye unaona vipande vyeupe vinatembea karibu na mkia. Ukimpa dawa ya tegu bila kuondoa viroboto, tegu anarudi. Kuhusu mnyoo wa Pate mwenyewe, sitawaambia kwamba tone fulani linamzuia.

#19 MlinziWaGeti (Tegeta)

Nawashukuru. Nimefuata maswali ya #5 na #6. Mbwa mkubwa nimempima kwa kusimama naye kwenye mizani ya hospitali ya mtaani, kisha nikatoa uzito wangu: ana kilo 43, na kichupa ninachonunua ni cha kilo 20 hadi 40. Haogeshwi kila wiki, ila huwa anaingia baharini na kijana anayemtembeza.

Jana usiku nilichukua tochi nikaangalia banda. Kwenye kona ambako bati linakutana na tofali, chini kidogo ya paa, nimekuta kupe wamejipanga kwenye ufa, wakubwa kwa wadogo, pamoja na marundo ya mayai ya kahawia yanayong'aa. Waliovimba niliowang'oa kwa mbwa walikuwa hai, walitembea kwenye karatasi. Kwa hiyo kila mmoja wenu ana ushahidi wa kuunga mkono hoja yake.

#20 Kariakoo_Sokoni

Kupe aliyeshiba akatembea kwenye karatasi! Dawa bandia, nimesema.

#21 Laigwanan_wa_Mifugo (Arusha)

Au sugu. Dawa halisi haimwachi kupe ashibe.

#22 Wanjiku_wa_Ruiru

Au kipimo pungufu na maji ya chumvi. Kilo 43 kwa kichupa cha kilo 40, na mbwa anaogelea, mnataka dawa ifanye nini zaidi?

#23 Leicester_Mswahili

Nipo Uingereza, nafuatilia kwa makini. Hilo la mbwa kuingia majini lina upande mwingine ambao huku umezua mjadala mkubwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walichambua sampuli za maji kutoka mito 20 ya Uingereza, na fipronili ilionekana katika asilimia 98 ya sampuli hizo, imidaklopridi katika asilimia 66. Wanashuku dawa za matone za mbwa na paka, kwa kuwa mashambani matumizi yake yalishabanwa. Kiasi kidogo tu kinaua wadudu wa majini ambao ndio chakula cha samaki. Kwa hiyo siku za mwanzo baada ya kupaka, mbwa asiingie baharini wala mtoni, na vichupa vitupu visitupwe kwenye mfereji.

#24 Bint_Hamadi (Mombasa)

Je, vidonge vya kutafuna si jibu basi? Havioshwi na bahari, na paka hapati kitu kwa kumlamba mbwa.

#25 DktWaMifugo_Moro

Ni jibu zuri kwa nyumba nyingi, hasa zenye watoto wanaomkumbatia mbwa kutwa. Vidonge vya jamii ya fluralana na afoksolana huua kupe anapouma na kunyonya damu. Ila mwezi Septemba 2018 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari kwamba baadhi ya wanyama hutetemeka, huyumba au hupata degedege, kwa hiyo mbwa mwenye historia ya degedege ajadiliwe na daktari wake kwanza. Na kumbukeni kwamba lazima kupe aume ndipo afe, jambo ambalo kwa aliyeuguza homa ya kupe si dogo.

MlinziWaGeti, kwa sasa ziba nyufa za banda kwa saruji, choma matandiko yote, nyunyiza banda kwa dawa ya kupe ya majengo huku mbwa na paka wakiwa mbali hadi pakauke, na urudie, kwa sababu mayai yatakayobaki yataanguliwa. Nunua kichupa cha kilo 40 hadi 60. Usibadilishe dawa na banda na ratiba ya bahari kwa siku moja, la sivyo hutajua kipi kimesaidia. Anza na banda na kipimo.

#26 Laigwanan_wa_Mifugo (Arusha)

Na kabla hujanyunyiza, kusanya kupe hai wa ukutani na wa kwenye mbwa, wasiopungua kumi kila kundi, uwaweke kwenye chupa mbili zenye matundu madogo kwenye kifuniko na kipande cha pamba yenye unyevu. Andika ni wa wapi na wa tarehe gani. Usiwaweke kwenye spiriti, maana kupe aliyekufa hawezi kupimwa usugu. Wapeleke maabara ya mifugo pamoja na kichupa kimoja cha toleo lile ulilotumia, kikiwa hakijafunguliwa.

#27 Kariakoo_Sokoni

Hapo kwenye kichupa tumekubaliana. Weka na picha ya boksi hapa, pande zote, namba ya toleo ionekane. Ninalo moja la jina hilohilo nililonunua kwingine, tulinganishe.

#28 MlinziWaGeti (Tegeta)

Kupe wako kwenye chupa tangu asubuhi, na kichupa kimoja hakijafunguliwa. Picha za boksi nitaziweka jioni nikitoka kazini. Mama_wa_Paka_Unguja, nimelisoma boksi lote: ni fipronili peke yake, na paka wangu nimemhamishia chumba cha ndani hadi banda litakapokauka.